Nilinunua kadi ya kesho, kesho ikaja na masharti yake

Dogo, mtoto wa mamdogo kule Newala, kanipigia juzi. Hela ya korosho imeingia, anataka kadi ya grafiksi, ile inayochora picha za gemu kwenye kompyuta, na swali lake moja tu, "kaka si nichukue hii ya RTX 50 kabisa nikae nayo miaka mitano?" RTX 50 ndo familia ya kadi za Nvidia iliyokuja baada ya RTX 40. Nikacheka, maana hayo maneno niliyasema mimi 2019.

Mwaka ule nilichukua RTX 2060 yenye memori ya GB 6. Sababu ilikuwa rei tresingi basi, ule mwanga unaopiga kwenye maji na vioo kama kweli, niliona video zake nikachizika. Kadi ikaja na basi kutoka Kariakoo, nikaipokea stendi hapa Mtwara nimeikumbatia kama mtoto mchanga, nikafika gheto nikafunga nikawasha hiyo rei tresingi, gemu likaanza kukwamakwama, nikazima. Ikabaki imezimwa miaka yote. Mshkaji wangu wa Shangani yeye alichukua RX 5700 XT ya AMD, GB 8, haina hayo makitu lakini ilikuwa inanipita fremu, yaani picha kwa sekunde, karibu kila gemu, akawa hakosi kuniuliza, "vipi, kesho imefika?"

Ikafika bana. Desemba 2024 likatoka gemu la Indiana Jones, Mei 2025 Doom: The Dark Ages, yote mawili yanadai kadi yenye rei tresingi. Nikamcheka mshkaji weee, halafu ndo nikasoma mahitaji ya chini kabisa: RTX 2060 Super, GB 8. Yangu sio Super na ina 6. Yaani yeye ana memori hana rei tresingi, mimi nina rei tresingi sina memori, tukabaki tunatazamana.

Kilichonibeba ni kitu ambacho wala sikukifuata, DLSS, ile kadi inachora picha ndogo halafu inaikuza. Nilipoinunua ilikuwa kama unaangalia gemu kupitia chandarua, mpaka 2020 lilipokuja toleo la 2 ndo ikawa kitu. Ila 2022 Nvidia walipoleta toleo la 3, la kadi kubuni fremu za katikati, wakalifungia kwa RTX 40 tu, sisi wa zamani tukae kwa kutulia.

Sasa dogo kapenda RTX 5060 Ti kwa sababu inaongeza fremu kadhaa za kubuni kwa kila moja iliyochorwa kweli. Nikamwambia hiyo inanoga kama kadi tayari inakupa fremu 60 kwa nguvu zake, ikiwa 25 utaona namba imepanda kwenye skrini lakini mkono unahisi uzito uleule, unabonyeza saa hizi mtu anaruka baadaye. Na joto letu hili na chumvi ya bahari mimi ningeulizia feni kabla ya yote, lakini haya tuyaache.

Nikamuuliza, "hiyo uliyoambiwa bei ni ya GB ngapi?" Maana zipo za 8 na za 16, jina moja.

Kimya. "Ngoja nimuulize muuzaji kaka."

Usiku meseji: ni ya 8, ya 16 hela haifiki. Nikamuuliza korosho zimeisha? Akasema kuna gunia nne ziko chama cha msingi zinasubiri mnada.