Vihisi vya Mlango Katika Nyumba ya Chuma

Jumapili moja tulirudi kutoka kanisani tukakuta mlango wa jikoni umeegeshwa tu, komeo limepindwa, na pale uliposimama mtungi wa gesi pamebaki duara la kutu sakafuni. Televisheni nayo ilikuwa imekwenda. Mlango ule ni wa chuma kizito, na fundi aliyeuchomelea aliusifu sana siku alipouleta, lakini mlango hauna mdomo, na kwa saa 3 tulizokuwa nje hapakuwa na mtu wala kitu cha kutuambia kwamba umefunguliwa. Hapo ndipo nilipoanza kuulizia vihisi vya milango na madirisha, vile vidude visivyo na nyaya ambavyo wauzaji wa vifaa vya umeme hapa Nakuru huviita sensa. Mama mkwe wangu aliposikia kwamba nataka sensa nyumbani aliuliza kama serikali imeanza tena kuhesabu watu, kwa kuwa ya mwisho anayoikumbuka ni ile ya 2019. Kwa hiyo mimi nitaviita vihisi.

Kihisi chenyewe si kitu cha ajabu. Kina vipande viwili: kimoja kina betri na kisambaza mawimbi, na cha pili ni sumaku tu ndani ya ganda la plastiki. Ndani ya kile cha kwanza mna kijibomba cha kioo, unene wake kama wa kijiti cha kiberiti, chenye ndimi mbili za chuma ambazo zimekaribiana bila kugusana. Sumaku ikiwa karibu, ndimi hugusana; ikisogea mbali huachana, na kuachana huko ndiko kunakokiamsha kisambaza mawimbi kipeleke habari kwenye kituo kilichomo nyumbani, nacho kituo hupiga king'ora au kupeleka ujumbe kwenye simu. Swichi hiyo ilibuniwa Marekani mwaka wa 1936 na Walter Ellwood wa maabara ya simu ya Bell, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Kwa kuwa kihisi hula umeme kidogo mno kinapotulia, betri ya mviringo ya volti 3, ile iitwayo CR2032, yaweza kukiendesha kwa mwaka mzima au zaidi. Wenye watoto wadogo na waangalie wanapobadilisha betri hizo, kwa maana ikimezwa yaweza kuunguza umio wa mtoto katika muda wa saa 2.

Nilinunua kituo kimoja na vihisi 5, nikaamini kwamba kazi itakwisha kabla ya chakula cha mchana. Karatasi ya maelezo ilikuwa na mchoro wa mlango mweupe wa mbao, wa nyumba ambayo bila shaka haina grili hata moja. Nyumba yetu iko Lanet, na kama nyumba nyingi za mtaa huu, milango yake ya nje ni ya chuma, miimo ni ya chuma, fremu za madirisha ni za chuma, na nyuma ya kila dirisha kuna grili. Nilipokijaribu kihisi juu ya meza ya kulia, sumaku ilihitaji kusogezwa kiasi cha sentimita 2 ndipo taa ndogo nyekundu iwake. Nilipokibandika kwenye mlango wa jikoni, taa iliwaka mlango ukiwa umefungwa, nikaufungua na kuufunga mara nyingi kama mtu anayepepeta mchele, na king'ora kikaendelea kulia huku watoto wameziba masikio.

Kosa halikuwa la kifaa. Sumaku ikilazwa moja kwa moja juu ya bamba la chuma, chuma huivutia kwake ile nguvu, ikapitia ndani ya mlango badala ya kuvuka mwanya na kukifikia kihisi. Nilipopima kwa rula, ule mwendo wa sentimita 2 ulikuwa umebaki milimita 8, na mwanya kati ya mlango wangu na mwimo ni milimita 11. Dawa ni kuviinua vipande vyote viwili kutoka kwenye chuma kwa kitu kisicho chuma. Fundi wa kuchomelea aliyekuja kurekebisha komeo aliniangalia kwa muda, kisha akasema, "Mzee, hiyo sumaku imelala kwa chuma. Iwekee godoro." Godoro lenyewe lilikuwa soli ya malapa ya buluu yaliyokuwa karibu na mfereji, ambayo aliyakata kwa kisu vipande viwili vya ukubwa wa kihisi. Niliona aibu kubandika malapa kwenye mlango wa nyumba yangu, lakini taa ilizimika, na mlango ulipofunguliwa kwa upana wa vidole viwili ikawaka.

Malapa hayo yalidumu siku 9. Mlango wa jikoni hupigwa na jua la alasiri, na soli ikilainika huanza kuinama polepole pamoja na mzigo wake, hata jioni moja nikakuta sumaku imeshuka chini ya kihisi kwa upana wa kidole. Nikaomba mabaki ya plaiwudi kwa seremala wa jirani, ya unene wa milimita 9, nikayapaka rangi ya mlango, na mpaka leo hayajasogea. Plaiwudi ina faida ya pili ambayo sikuitegemea: antena ya kihisi iliyogusana na bamba la chuma hudhoofika, na ikiinuliwa kidogo mawimbi hufika mbali zaidi. Kihisi cha mlango wa mbele, ambacho hapo awali kilifika kwenye kituo mara moja na kukosa mara moja, sasa hakikosi.

Kuhusu gundi nitasema kwa ufupi. Jina la Nakuru husemekana lilitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya vumbi, na yeyote aliyefuta meza ya hapa asubuhi akaifuta tena adhuhuri hatalibishia. Tepu ya pande mbili ikibandikwa juu ya vumbi hushika vumbi, haishiki chuma. Futa kwa spiriti, subiri pakauke, kandamiza kwa nusu dakika, kisha uache kwa saa 24 kabla ya kuujaribu mlango kwa nguvu.

Madirisha ndiyo yaliyonifundisha mengi, na nadhani ndipo watu wengi hupoteza fedha zao. Mlangoni kihisi hukuambia kwamba mtu amekwisha kuingia au yuko katika hatua ya mwisho ya kuingia. Dirishani mambo ni tofauti kwa sababu ya grili. Ubawa wa dirisha la chuma hufunguka kwa nje, na grili iko upande wa ndani; kwa hiyo mwizi hulazimika kwanza kuuvuta ubawa, ndipo aanze kukata grili au kuipindua kwa jeki, kazi ambayo haiishi kwa dakika moja. Kihisi kilichofungwa kwenye ubawa hulia tangu mwanzo wa kazi hiyo, wakati mwizi bado yuko nje na bado kuna chuma kati yake na watoto wako. Hivyo hivyo kwa wale wanaopenyeza mti mrefu wenye ndoano ili kuvua suruali na simu kutoka kitandani. Kwa mtazamo wangu, mwenye vihisi vichache angeanza na madirisha ya vyumba vya kulala kabla ya mlango wa mbele, ingawa kila muuzaji niliyemsikia alianza na mlango wa mbele.

Taabu ni mahali pa kukibandika. Kati ya dirisha letu na grili pana nafasi ya sentimita 6 tu, na mkono wangu haukupita. Mtoto wetu wa miaka 11 ndiye aliyebandika vihisi vyote vya madirisha, mimi nikimwelekeza kwa kurunzi. Kipande cha sumaku hukaa kwenye ubawa, upande ulio mbali na bawaba, kwa sababu upande wa bawaba ubawa waweza kufunguka nusu nzima kabla sumaku haijasogea vya kutosha. Kipande chenye betri hukaa kwenye fremu, mahali ambapo mtu aliye nje hawezi kukifikia kwa vidole. Hata hivyo, kihisi hiki hakijui habari za kioo. Mwizi akivunja kioo bila kuufungua ubawa, sumaku haikusogea, na kituo kitaendelea kuamini kwamba kuna amani.

Usiku wa manane, wiki ya tatu, king'ora kililia. Niliamka nikiwa nimeshika kiatu, mke wangu akiwa ameshika simu, na jirani yetu akawa amefika langoni na panga na kurunzi kabla sijapata funguo. Lilikuwa dirisha la sebuleni. Kishikio chake kilikuwa kimelegea kwa miaka, na upepo ulikuwa ukiusukuma ubawa na kuurudisha, mpaka mwanya ukavuka mpaka wa sumaku. Jirani alicheka, akaenda zake, lakini nilijua kwamba mara ya tatu asingekuja. Asubuhi nilikaza skrubu za kishikio na kuongeza utepe wa mpira kwenye ukingo wa fremu, kazi ya dakika 20 ambayo ilipaswa kutangulia kununua kihisi chochote.

Kuna jambo ambalo muuzaji hakunieleza. Vihisi vingi vya bei nafuu hutumia mawimbi ya megahezi 433 na huzungumza upande mmoja tu: husema, lakini havisikii. Baadhi yao husema mlango unapofunguliwa na hukaa kimya unapofungwa, kwa hiyo ukiwasha ulinzi usiku huku dirisha limeachwa wazi, kituo hakitakuambia. Betri ikifa, kituo hakitajua pia. Tena namba ya utambulisho ambayo kihisi hutangaza huwa haibadiliki. Katika aina moja iliyoenea ina tarakimu 20 za sifuri na moja, yaani michanganyiko 1,048,576, na mwenye kifaa cha kunasa mawimbi aweza kuinakili na kuirudia. Sidhani kwamba mwizi wa mitungi ya gesi wa Lanet anatembea na kifaa hicho. Ninachokihofia zaidi ni betri iliyokufa kimya, na kwa sababu hiyo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunafungua kila mlango na kila dirisha huku mmoja wetu akisoma majina kwenye simu. Vihisi vya Zigbee, mtindo mwingine wa mawasiliano yasiyo na nyaya, hujibizana na kituo na kutoa taarifa kila baada ya muda, hata kama hakuna kilichotokea. Vina bei ya juu zaidi, na kama ningeanza upya ningevinunua hivyo, hata kama ni 3 badala ya 5.

Halafu kuna stima. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani, na hata bila tukio kubwa kama hilo, mtaani kwetu umeme huenda na kurudi bila kuaga. Vihisi havijali, kwa kuwa vina betri zao, na kituo changu kina betri ya ndani. Lakini rauta ikizimika, ujumbe wa intaneti hauna njia. Nilibadilisha kituo nikachukua kile chenye nafasi ya kadi ya simu, ambacho hupiga simu badala ya kutuma ujumbe peke yake. Simu inayoita huamsha, ujumbe hulala pamoja na mwenye simu. Orodha yake ina namba 4: yangu, ya mke wangu, ya jirani mwenye panga, na ya askari wa usiku wa mtaa. Polisi wako kwenye 999 au 112, lakini hao tunawapigia wenyewe baada ya kuhakikisha.

Limebaki dirisha la choo. Ni la luva, yaani vioo vyembamba vilivyopangwa kama magamba, na kila kimoja huchomolewa peke yake bila fremu kutikisika, kwa hiyo hakuna mahali pa maana pa kuweka sumaku. Fundi wa malapa amependekeza tuling'oe kabisa na kuweka dirisha dogo la ubawa mmoja. Ameahidi kuja Jumamosi, na kihisi cha tano bado kiko kwenye boksi lake juu ya friji.