Ng'ambo ni upande gani

Hii ni ya 2011, mwezi wa 12, nimerudi likizo kutoka chuo, theolojia mwaka wa pili, na daraja la Kigamboni lilikua bado halipo kwa hiyo kwenda nyumbani ni pantoni tu. Baba alikuja kunipokea stendi, tukafika Feri, kivukoni Dar upande wa mjini, kama saa kumi na moja jioni, foleni imejaa, kina mama na ndoo za samaki, watu na mabegi ya sikukuu, bodaboda zimebanana. Tukapata pa kukaa tukawa tunasubiri geti lifunguliwe.

Baba yangu ni mzee wa kanisa na Biblia anaijua sana, nasema kabisa, kuliko walimu wangu kadhaa. Akaniuliza, "Haya mwanangu, muhula huu wamekufundisha nini?" Na mimi wiki nzima nilikua nimebeba hilo jambo kifuani sijui nitaanzia wapi, nikaona bora nilitoe tu. Nikamwambia Baba, tumesoma vitabu vitano vya Musa, na wasomi wengi wanasema si Musa aliyeviandika kama tulivyonavyo.

Akanyamaza kidogo. Afu akafungua zipu ya Biblia yake, ile Union nyeusi ambayo kona zake zimeshakua nyeupe, akaniwekea mapajani. "Nionyeshe."

Nilikua nimejiandaa kwa ugomvi, hilo neno sikujiandaa nalo kabisa.

Nikafungua kitabu cha tano, Kumbukumbu la Torati 1:1, maneno Musa aliyowaambia Israeli wote ng'ambo ya Yordani. Nikamuuliza, Baba, hapa tulipokaa ng'ambo ni wapi? Akanyoosha mkono kule Kigamboni. Na ukiwa kule? Akageuza shingo akaangalia maghorofa ya Posta. Nikamwambia basi ndo hapo, Musa alikufa Moabu, mashariki ya mto, Yordani hakuivuka, kwake pale ni huku, sio ng'ambo. Anayepaita pale ng'ambo amesimama upande wa Kanaani, yaani ni mtu wa baada ya watu kuvuka. Na hii hoja sio ya juzi, rabi Ibn Ezra wa Hispania aliigusa tangu karne ya 12, tena kwa mafumbo, na kwenye mstari mwingine wa namna hiyo akaandika kwamba mwenye akili atanyamaza.

Baba akafikiri. "Mimi nakaa wapi?" Kigamboni. "Nikiwa sebuleni kwangu mtu akinipigia simu namwambia niko wapi?" Kigamboni. "Na Kigamboni si ng'ambo hiyohiyo? Mbona mimi niko humo ndani na bado napaita hivyo? Jina likishashika limeshika mwanangu."

Aisee. Wanaotetea kwamba Musa ndiye mwandishi wanaitumia kweli hiyo hoja, kwamba ng'ambo ya Yordani lilikua jina tu la ile nchi ya mashariki, na baba hajawahi kushika kitabu chao hata kimoja. Akashuka na kidole mpaka 3:8, Musa mwenyewe anaongea na anaiita mashariki ng'ambo. Akaniangalia. Nikamwambia shuka tena, 3:25, Musa anamlilia Mungu avuke akaione nchi nzuri iliyo ng'ambo ya Yordani, na hapo ni Kanaani. Sura moja, mdomo mmoja, pande mbili. Akausoma kwa sauti mara mbili, ukucha wake umekandamiza chini ya mstari mpaka karatasi imeacha alama, na watu wameshaanza kusukumana kwa sababu geti limefunguliwa.

Kwenye pantoni tulisimama ubavuni, upepo unageuza kurasa, nikamuonyesha sura ya 34, Musa anakufa ana miaka 120, anazikwa, na kaburi lake hakuna alijuaye hata leo. Leo ya nani, Baba? Nikamwambia hata marabi kwenye Talmud, mkusanyo wa mafundisho yao, walibishana hapo, mmoja akasema mistari 8 ya mwisho ni ya Yoshua, Rabi Shimoni akasema hapana, Mungu alitamka na Musa akaandika kwa machozi. "Kwa machozi," baba akarudia, polepole, akiangalia maji. Nikagusia na habari ya mfalme Yosia, 2 Wafalme 22, mwaka wa 18 wa utawala wake, kama 622 KK, kuhani Hilkia anakuta kitabu cha torati hekaluni, na wengi wanaona ndo kiini cha hiki hiki Kumbukumbu la Torati, maana Yosia akabomoa madhabahu za huku na huku ibada ibaki mahali pamoja, kama sura ya 12 inavyodai.

"Kwa hiyo ni uongo?"

Nikamwambia hapana Baba, na sikusema ili nimpoze, naamini hivyo mpaka kesho. Mwongo angeficha. Huyu ameacha neno "hata leo" wazi pale kila mtu alione, ametuambia mwenyewe kwamba amesimama mbali na lile kaburi, kapokea maneno kwa wazee na anayaandika yasipotee. Baba hakujibu. Pantoni likagusa, tukatembea mpaka nyumbani tunaongelea bei ya mchele.

Usiku kama saa nne nimeshalala, mlango ukagongwa. Baba, miwani usoni, tochi ya simu mkononi, Biblia imefunguliwa. Nikamwamkia tena bila hata kufikiri, shikamoo, akasema marahaba, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mwanzo 36:31," akasema, akanisomea, wafalme waliotawala Edomu kabla mfalme yeyote hajawatawala wana wa Israeli. Akatulia kidogo kwenye hiyo sehemu ya mwisho.

"Huyu aliyeandika," akasema, "wafalme wa Israeli alikua ameshawaona."

Akafunga zipu, akaniambia nilale, na mwanga wa tochi niliuona chini ya mlango wa sebuleni muda mrefu sana baada ya hapo.