Buibui wa uvunguni mwa kiti: nilivyomtambua kwa mayai yake

Buibui wa nyumba yetu hapa Wete nawajua kwa makazi yao. Wa miguu mirefu myembamba yuko pembe za dari. Ukigusa utando wake anajitikisa mwili mzima mpaka humuoni vizuri. Yule mkubwa bapa wa ukutani hana utando kabisa, usiku hutoka kuwinda mende, na kazi hiyo nimemwachia. Mrukaji mdogo yuko dirishani. Kwa hiyo alipotokea mwingine uvunguni mwa viti vya plastiki vya barazani, nilijua mara moja kuwa huyu ni mgeni.

Alikuwa wa kahawia, tumbo la mviringo kabisa, mwili kama sentimita moja bila miguu. Miguu yenyewe ilikuwa na pete, kahawia iliyokoza kisha iliyopauka, hadi nchani. Utando wake ulikuwa ovyoovyo, hauna duara wala mpango, nyuzi zimevutwa huku na huku. Lakini kilichonifanya nisimame ni ugumu wa nyuzi hizo. Nilipopitisha ufagio wa chelewa zilikatika kwa sauti, tena unazisikia. Utando wa darini haufanyi hivyo, ukiupangusa unafuata ufagio tu.

Viti hivyo ndivyo wanavyokalia watoto wakirudi chuoni jioni. Na mtoto akitaka kusogeza kiti, vidole vyake huingia chini ya ukingo, pale pale alipojificha mgeni wetu.

Shangazi yangu, ambaye tunakaa naye, alinizuia nisichukue ndara. "Buibui hauawi, mwanangu." Akanikumbusha kisa cha pango la Thawr, buibui alivyotanda mlangoni Mtume (S.A.W.) na Abubakar wakiwa ndani. Nikamwambia sitaki kumuua, nataka kwanza nimjue. Jirani yetu naye akatia lake: akikukojolea huyo utaamka na malengelenge. Hilo la mkojo nimelisikia tangu utotoni na silikubali. Malengelenge mengi ya namna hiyo huletwa na kile kidudu chembamba chenye rangi nyekundu na nyeusi kinachofuata taa usiku. Ukikiponda juu ya ngozi, maji yake yanaunguza. Buibui anasingiziwa.

Nilianza kwa simu. Nikampiga picha, nikaitia kwenye programu ya iNaturalist, ikaniletea majina chungu nzima ambayo hayakukubaliana. Nikamtumia picha hiyo hiyo mtoto wa kaka yangu, anayesoma Unguja na anayependa mambo ya wadudu. Akanipigia. "Ami, umempiga mgongo tu. Nataka tumbo. Na nioneshe anapolala, usinioneshe yeye peke yake."

Tumbo nililipata kwa bilauri. Nilimfunika taratibu, nikapitisha kadi ngumu chini yake. Mkorofi sikumwona: alikunja miguu, akaanguka, akajifanya maiti. Nikainua bilauri kwenye mwanga na chini ya tumbo ikaonekana alama ya rangi ya chungwa, pembetatu mbili zilizokutana ncha kwa ncha. Baadaye niligundua kuwa bilauri haikuwa lazima. Usiku mwenyewe hutoka maficho akaning'inia utandoni tumbo likitazama juu, na kwa tochi, kiti kikiwa kimelazwa ubavu, alama unaiona bila kumgusa.

Bado kijana hakuridhika. Akasema rangi za buibui huyu zinadanganya: mmoja amepauka karibu na weupe, mwingine amekoza hadi unamdhania mweusi. Akaniuliza kama nimeona mayai.

Nikakipindua kiti. Ndani ya uwazi wa mguu, pale plastiki inapojikunja, vilikuwemo vifuko kadhaa vya mayai. Kila kimoja kina ukubwa wa punje ya choroko au kuizidi, duara, cheupe kilichoingia umanjano, na pande zote kimetoka vimiiba laini vya nyuzi. Shokishoki ndogo kabisa, ambayo haijaiva wala kumenywa. Nilipotuma picha hiyo jibu lilikuja papo hapo: "Basi, imekwisha hiyo."

Na kweli ilikwisha. Buibui huyu ni Latrodectus geometricus, jina alilopewa na Mjerumani C. L. Koch mwaka 1841. Ni jamaa wa yule anayejulikana duniani kama mjane mweusi, lakini vifuko vya mayai vya mjane mweusi ni laini, havina vimiiba. Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza asihangaike na rangi ya mgongo. Pindua kiti, tafuta mayai.

Sumu anayo. Ila ni mwoga, na wanaoumwa naye mara nyingi ni wale waliombana kwa mkono au mguu bila kumuona. Kawaida huwa ni maumivu na wekundu pale alipouma. Unaosha kwa sabuni, unaweka kitu cha baridi. Maumivu yakisambaa, misuli ikikaza au jasho likatoka ovyo, au aliyeumwa akiwa mtoto mdogo, ni hospitali bila kusubiri.

Shangazi alipoyasikia haya alinyamaza kidogo, kisha akatoa hukumu yake: wa ukutani abaki, wa kwenye kiti aondoke. Tukaanza na mayai, kwa sababu kifuko kimoja hubeba mayai zaidi ya mia na jike hutengeneza vifuko vingi maishani mwake. Ukiwaondoa wakubwa tu, hujafanya kitu. Nilivikwangua kwa kijiti kirefu vikaingia kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Kisha nikapekua chini ya jukwaa la tangi, nyuma ya vyungu vya maua, na ndani ya ndoo zilizofunikwa uani. Humo pia walikuwemo.

Walifikaje? Mimi nashuku viti. Huyu hasafiri sana kwa miguu yake, hubebwa na vyombo vya watu, na ndivyo alivyoenea nchi nyingi za joto. Na viti vyetu havikai nyumbani: leo harusi, kesho maulidi, vinarudi vimechanganyika na vya wenzetu.

Juzi alikuja kijana wa mtaa wa pili kuviazima. Nikavipindua vyote mbele yake na kupitisha chelewa kwenye kila mguu, akaniuliza natafuta nini. Nikamwonesha ile picha ya mayai. "Kumbe ni mayai haya?" akasema. "Mbona kwetu yamejaa, kwenye matundu ya matofali."