Siku moja Springbank: kutoka sakafu ya kimea hadi pipa la mwaloni

Saa 12 asubuhi. Campbeltown, mji wa bandari karibu na ncha ya rasi ya Kintyre, magharibi mwa Uskoti. Katika kiwanda cha wiski cha Springbank, siku huanza kwa koleo. Shayiri iliyolowekwa siku mbili tatu imetandazwa sakafuni, nayo inaota. Itakaa hapo siku tano au sita, ikigeuzwa kwa mkono mchana na usiku. Ikisahauliwa, mizizi husukana kama mkeka, joto hupanda katikati ya tabaka, na mche huanza kula wanga unaotakiwa kwa pombe. Kujua kama kimea kiko tayari, punje huminywa kwa kidole gumba na kusuguliwa: ikiacha alama nyeupe kama chaki, imefika. Ikiwa na kiini kigumu, bado.

Viwanda vingi vya Uskoti hununua kimea kikiwa kimekwisha kukaushwa. Springbank huotesha shayiri yake yote, hukeneka (yaani huchemsha pombe na kukusanya mvuke wake), hulaza mapipa na kujaza chupa papo hapo mjini. Kwangu hilo ndilo linalokieleza kiwanda hiki kuliko neno lolote la kwenye lebo.

Saa 2. Kimea kinapanda tanurini. Chini huchomwa piti, yaani udongo mweusi wa mimea iliyooza kinamasini kwa maelfu ya miaka. Kwa wiski ya Springbank yenyewe, moshi hupitishwa kwa takriban saa sita, kisha hewa ya moto humalizia. Longrow, wiski nyingine ya kiwanda hiki, hufukizwa hadi saa 48. Hazelburn, ya tatu, haionjeshwi moshi kabisa. Moshi hushika vizuri kimea kikiwa bado na unyevu, kwa hiyo moto wa piti hutangulia. Kuuchelewesha ni kuchoma piti bure.

Saa 4. Kimea kilichosagwa kinachanganywa na maji ya moto katika pipa la chuma lililo wazi juu. Mchanganyiko unatakiwa utulie kwenye nyuzi 63 au 64 hivi. Ukizidi 70, vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari hufa, na hakuna dawa. Usagaji nao una hila: unga ukiwa mwingi mno, pipa huziba na maji hayachuji, ukiwa mchache, sukari hubaki kwenye machicha. Kinachochujwa ni maji matamu, ndugu wa togwa. Hupozwa, hutiwa hamira, na kuachwa kwenye mapipa makubwa ya mbao za lachi hadi saa 110. Saa 48 zingetosha kupata kilevi. Zinazozidi ni kazi ya bakteria, na ndizo zinazoleta harufu ya matunda.

Saa 7 mchana, chumba cha vyungu. Viko vitatu, vyote vya shaba nyekundu. Kikubwa huwashiwa moto wa mafuta moja kwa moja chini yake, na ndani huzunguka minyororo ya shaba inayokwangua sakafu ya chungu. Bila minyororo hiyo, chembe za hamira huungua na ladha ya kuungua hubaki hadi mwisho. Moto ukizidi, povu hupanda shingoni. Hapo jicho halitoki kwenye kidirisha cha kioo.

Springbank husemwa hukenekwa mara mbili na nusu. Mvuke wa chungu cha kwanza hutoa pombe dhaifu. Sehemu kubwa yake hukenekwa tena. Kisha mkeneko wa mwisho huchanganya asilimia 80 ya hiyo ya pili na asilimia 20 ya ile dhaifu. Sehemu imepita mara tatu, sehemu mara mbili, na mafuta mazito hayakosi mdomoni.

Saa 10 jioni. Kisanduku cha shaba na vioo ambamo pombe iliyokenekwa hupita, kimefungwa kwa kufuli. Anayekata, yaani anayetenga sehemu nzuri ya pombe, haonji, hupima nguvu kwa haidromita na kutia maji kwenye sampuli. Ikigeuka nyeupe kama maji ya mchele, bado ni kichwa, yaani pombe ya mwanzo, irudishwe. Ikibaki angavu, moyo, ile sehemu nzuri, umefika. Akichelewa kuukata, mkia, pombe ya mwisho, huingia na harufu ya ngozi mbichi na karatasi iliyolowa.

Kiwanda kilianza 1828, na kimebaki mikononi mwa ukoo wa Mitchell tangu 1837. Mji ulikuwa na viwanda zaidi ya 20. Katikati ya miaka ya 1930 vilibaki viwili tu, baada ya Marekani kupiga marufuku pombe na baadhi ya viwanda kuharakisha kazi hadi jina la mji likachafuka. Leo viko vitatu.

Saa 12 jioni mapipa ya mwaloni hujazwa. Sheria inadai miaka 3. Hapa kumi ni kawaida, na kila mwaka asilimia 2 hivi hupotea hewani.

Saa 4 usiku, taa za sakafuni zinawashwa tena. Koleo.