Soda ya habari mbaya

Fundi umeme alikuwa anatoboa nguzo ya ghorofa ya pili ili apitishe bomba alilosahau kuliweka kabla hatujamwaga zege. Alitoboa kidogo, akazima drili, akaniita.

"Dada Injinia, hebu njoo uone. Nguzo hii inaingilika kama muhogo."

Nilimcheka. Nguzo zile zilikuwa na majibu ya maabara, tena mazuri. Mchoro ulidai zege lenye nguvu ya nyutoni 25 kwa milimita ya mraba, na kyubu zetu, vile vipande vya mchemraba vya zege tunavyojaza siku ya kumwaga, tunaviloweka kwenye pipa la maji kisha vinavunjwa maabara kupima nguvu, zilivunjika siku ya 28 kwenye 31, 32, 31, 32. Karatasi ya majibu nilikuwa nimeibandika kwenye ukuta wa kontena letu la ofisi, nakunywa chai huku naiangalia.

Usiku nikiwa kitandani ndipo namba zile zilipoanza kunikera. Saiti inayopima mchanga kwa karai haitoi namba zinazofanana kama mapacha. Leo utapata 27, wiki ijayo 33, siku mikisa imezingua utapata 24 na utafanya maombi. Kyubu tisa zote kukaa kati ya 31 na 32 lilikuwa jambo la kushtua, na mimi nilikuwa nimelihesabu kama sifa yangu.

Jengo lenyewe lilikuwa la ofisi, ghorofa nne, upande wa mashariki wa Dodoma, ukifuata njia ya Ihumwa. Tangu Serikali ianze kuhamia huku kwa kasi mwaka 2016, na mji kupandishwa kuwa jiji mwaka 2018, kila mwenye kiwanja anataka ghorofa, na anaitaka jana. Nilikuwa mhandisi wa saiti upande wa mkandarasi, nimemaliza miaka mitatu ya mafunzo ya vitendo ya wahandisi wahitimu, nimesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kuwa mhandisi mtaalamu, nimekula kiapo. Muhuri wangu ulikuwa bado unanukia upya.

Kwa msiojua Dodoma ya mwezi wa nane: mvua iliondoka tangu Aprili, mpaka Desemba hutaiona tena, na mchana unavuma upepo mkavu wenye vumbi jekundu. Zege likitoka kwenye mikisa saa 8 mchana, kabla karai halijafika juu limeshaanza kugoma. Fundi anayelisukuma ndani ya boksi la nguzo lililojaa nondo hana habari na mahesabu yako, anaomba maji. Na kijana wa maji anaongeza ndoo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukiupangia lita 25 za maji, uko salama. Ukimwagia lita 10 za huruma unakuwa na lita 35, na zege hilo linaweza kupoteza theluthi ya nguvu yake au zaidi, kwa sababu maji ya ziada yakishakauka yanaacha vitundu ndani. Kwa macho huoni kitu. Nguzo inafunguliwa mbao, inapendeza, inapigwa picha.

Kesho yake niliazima nyundo ya Schmidt. Ni kifaa kama pampu ya baiskeli: unakigandamiza kwenye zege, chuma cha ndani kinadunda, unasoma kimerudi kwa kiasi gani. Hakikupi nguvu kamili ya zege, kinakupa fununu za kuaminika. Nilizunguka nguzo zote 14. Nane zilikuwa sawa. Sita zilikuwa chini vibaya, na nilipofungua kitabu cha saiti nikakuta zote sita zilimwagwa alasiri moja, siku ambayo boza la maji lilichelewa.

Kijana wetu wa vipimo sikumwita kontena. Nilimkuta kwa mama ntilie, nikaagiza ugali wa uwele na mlenda, nikakaa naye.

"Mdogo wangu, zile kyubu ulizijaza zege la wapi?"

Alinyamaza mpaka mlenda ukapoa. Kisha akasema yote. Siku ile alinyanyua koni ya slampu, kile kibati cha kupimia ulaini wa zege, na zege badala ya kusimama likalala chini kama uji. Alimwambia fomeni, fomeni akamwambia atoke njiani watu wamalize kazi. Alikuja kontena akanikuta naongea na simu, nikampungia mkono asubiri. Akasubiri. Halafu akaenda pembeni, akakoroga lake dogo lenye saruji ya kutosha, akajaza kyubu tisa.

"Kwa nini hukurudi kwangu?"

"Dada, ile ya msingi niliyokuletea 21 ulinisema mbele ya watu wote. Na mshahara nikakatwa."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata neno nililotumia: mvivu. Nilidai hakuziloweka kyubu vizuri majini, bila kwenda kuliangalia pipa. Kampuni ilimkata gharama ya kurudia vipimo, na fomu ya makato ilipita mezani kwangu, nikaisaini kati ya fomu nyingine kama anayesaini risiti ya kokoto. Kwa hiyo kijana alijifunza, na mwalimu nilikuwa mimi: ukileta 21 unaumia, ukileta 31 dada anabandika ukutani.

Ningependa kuandika kwamba tangu hapo nilitenda yote kishujaa. Ukweli ni kwamba siku mbili nilikaa nayo tumboni. Nilipiga hesabu ya mshahara wangu, kodi ya nyumba, na ada ya mdogo wangu aliyekuwa anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Nilijiambia nyundo ya Schmidt haiaminiki sana. Siku ya tatu bosi alipiga simu kuulizia slabu ya juu, nikamwambia.

Bosi wangu si mjinga, naye ni mhandisi wa siku nyingi, na hoja yake haikuwa ya kijinga. "Injinia, jengo limekadiriwa kwa nguvu ya ziada. Nguzo haianguki kwa sababu zege limepungua kidogo. Cheti cha malipo kinasubiri slabu hiyo. Endelea."

Ni kweli ziada ipo. Ila ziada ile imewekwa kwa ajili ya yale tusiyoyajua: mpangaji atakayejaza makabati ya chuma chumba kizima, nondo iliyokaa kombo bila kuonekana, tetemeko, maana mji huu umekaa kwenye ukanda wa Bonde la Ufa. Sisi tulikuwa tunataka kuitafuna kwa jambo tunalolijua. Na kila nikifikiria nguzo zile, nilikuwa naiona Ijumaa Kuu ya Machi 29, 2013, ghorofa lilipoporomoka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu 36. Nilikuwa mwanafunzi. Walimu wetu wiki ile waliingia darasani na nyuso ambazo sijazisahau.

Nikaandika barua ya kurasa mbili yenye hasira, nikamsomea kwa simu mhandisi mzee aliyenilea wakati wa mafunzo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, ondoa hasira, bakiza namba." Nilipoondoa hasira ikabaki nusu ukurasa. Iliishia hivi: "Nimepokea maelekezo yako kwa simu, leo saa 5 asubuhi, kwamba tuendelee na slabu ya ghorofa ya tatu. Kabla sijatekeleza, naomba uyathibitishe kwa maandishi ukiwa umeona matokeo niliyoambatisha. Kesho saa 4 asubuhi nitamjulisha mhandisi mshauri, kwa kuwa kumbukumbu za zege hili zina muhuri wangu."

Ujanja huo wa kuyarudisha maneno ya simu kwenye karatasi niliupata chuoni, kwenye somo la hoteli ya Hyatt Regency ya Kansas City, Marekani. Julai 17, 1981 madaraja ya ndani ya ukumbi yaliwaangukia watu waliokuwa kwenye dansi, wakafa 114. Fito za chuma zilizoning'iniza madaraja hayo zilikuwa zimebadilishwa mpangilio ili zifungwe kwa urahisi, na mabadiliko hayo yakaongeza mzigo maradufu kwenye kiungo kimoja. Baadaye watengenezaji walidai waliruhusiwa kwa simu, wahandisi wakakana. Michoro ilikuwa na muhuri wa mhandisi, na wahandisi wawili walinyang'anywa leseni. Darasani lilikuwa swali la mtihani tu. Kontenani, simu ikiwa bado moto mkononi, lilikuwa jambo jingine.

Jibu halikuja mchana kutwa. Nadhani hakuna mtu anayependa jina lake likae chini ya sentensi kama ile. Saa 12 jioni simu ililia: "Haya, unapendekeza nini?"

Nilikuwa nimejiandaa, na hapo ndipo nilipofanya vizuri kuliko kwingine kote. Nilikuwa na mchoro, idadi ya nondo, mifuko ya saruji na siku za kazi. Tusimamishe mirunda chini ya mabimu, tukate sampuli za zege kwenye nguzo zote sita kwa mashine zikapimwe, zitakazofeli tuzivike koti: tunachubua uso wa nguzo, tunaongeza nondo na ringi kuizunguka, tunamwaga zege jipya la kokoto ndogo. Mhandisi mshauri, yule anayekagua kazi yetu kwa niaba ya mwenye jengo, nilimwona kesho yake saa 4 kama nilivyoandika. Alinikaripia kwa kuchelewa siku mbili, na alikuwa na haki, kisha akakubali mpango huo kwa marekebisho madogo. Sampuli zikaonyesha mbili zinapita kwa mujibu wa kiwango, nne hapana. Wiki tatu zikaenda. Msanifu alilalamika kwamba nguzo zake nne zimenenepa.

Bosi alilipa, ila mradi mkubwa niliokuwa nimeahidiwa baada ya pale akapewa mwingine. Alitaka pia kijana wa vipimo aondoke. Niliandika kwamba akiondoka yeye nami niandikiwe onyo, kwa sababu alitoa taarifa mara mbili siku ile na mara zote mbili hakusikilizwa. Akabaki. Pesa zake zilizokatwa kampuni haikurudisha. Nilimpa mwenyewe kidogo kidogo kwa miezi mitatu.

Kilichonitoa jasho zaidi ya bosi kilikuwa kikao cha asubuhi, mafundi zaidi ya 40 wamesimama na makofia yao, na mimi natakiwa kusema, "Nilimwita huyu kijana mvivu mbele yenu. Nilikosea, alikuwa amesema kweli." Nilisema nikiangalia lundo la mchanga. Fomeni, mzee wa Kigogo aliyeanza ujenzi kabla sijazaliwa, alitazama chini muda wote.

Kisha nikatangaza sheria mpya: yeyote atakayekuwa wa kwanza kuleta habari mbaya, zege jepesi, nondo pungufu, mbao iliyolegea, nitamnunulia soda siku hiyohiyo, na hakatwi hata shilingi. Watu walicheka. Fomeni akasema, "Injinia, hawa watoto watakuwa wanaharibu zege wapate soda." Wiki ya kwanza nilinunua tisa, nikaanza kudhani mzee ana pointi.

Nilikaa pia na yeye tukazungumzia maji, maana kumkataza fundi ndoo bila kumpa njia nyingine ni kumfundisha kuiongeza wakati umegeuka. Wazo la kumwaga nguzo alfajiri lilikuwa lake. Tukawa tunaanza saa 11 na kufunga kabla ya saa 4, upepo haujaamka. Boza liwe limefika jana yake, la sivyo mikisa haiwashwi. Mchanga kwa boksi la kupimia, karai likaachiwa kubebea tu. Zege likigoma, tunatia dawa ya kulilainisha iliyopimwa, si maji. Nguzo zikifunguliwa zinafungwa magunia na kumwagiliwa siku saba.

Miezi miwili baadaye kijana aliniletea kyubu za siku saba zenye 14, wakati mimi nasubiri 17. Damu ilinipanda, neno lile la zamani likafika kwenye ulimi. Nikasema asante kwa meno yaliyobana, nikamtuma dukani akachukue soda yake, tukaenda wote kuangalia pipa. Safari hii kweli lilikuwa limetoboka, kyubu nusu zimekaa pakavu.

Jengo lilipofika paa, siku tunafunga nondo za bimu ya mwisho, fomeni alipanda ngazi polepole mpaka niliposimama. Akanionyesha kwa futi yake: ringi zilikuwa zimeachana sentimita 25, mchoro unasema 15, na waliozifunga ni vijana wake mwenyewe.

"Wanafungua sasa hivi," akasema, akijifuta jasho. "Mimi nakunywa ya tangawizi. Iwe ya baridi."