Deki ipo, tundu la kuichomeka halipo
Jana nimetoa deki kabatini niangalie kanda ya harusi ya dada yangu. Nikashika ule waya wa vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe, nikazunguka nyuma ya TV. Hakuna tundu hata moja la rangi! HDMI tu, yale matundu bapa ya TV za kisasa, tatu, zimejipanga.

Jamani, mbio hizi nimezikimbia siku nyingi. VHS, mfumo wa kanda za video, ilitoka 1976, DVD 1996, halafu 2006 Blu-ray na HD DVD, diski za picha kali zaidi, zikaanza kugombana. Mimi na akili zangu nikanunua HD DVD. Mwaka 2008 Toshiba, waliokuwa wakiipigania, wakaachana nayo. Mashine yangu iko droo moja na miwani ya 3D, zinaliwazana.

Sasa mwanangu ananiambia TV yetu ya pikseli (vile vidoa vya picha) milioni 2 imepitwa, TV ya 4K ina milioni 8. Nimemwambia macho yangu ni yaleyale mawili.

Basi nikaazima kile kidude cha kugeuza analojia iingie kwenye HDMI. Deki ikakoroma, michirizi ikapita juu ya picha, mara shangazi huyo, anacheza, viatu mkononi. Picha ya kanda ni ya 4:3, karibu mraba, kioo ni 16:9, kipana, kwa hiyo picha imevutwa pembeni na ukoo mzima umenenepa. Ningeweza kurekebisha kwa rimoti. Sikurekebisha. Tumecheka mpaka mtoto akaweka simu chini.

Leo naihamishia kwenye kompyuta kabla utepe haujakatika.