Dishi juu ya Ngong

Jana nilishinda juu ya milima ya Ngong. Kushinda kwa maana ya kukaa kutwa, si kwa maana ya kombe. Mashindano ya redio za ridhaa (watu wanaorusha redio kama burudani tu, na kumpata mwenzako aliye mbali ndiko kunakoleta pointi), bendi ya gigahezi 10, mimi na dishi la sentimita 60. Makanga wa matatu namba 111 alinilipisha kiti cha pili, eti "huyo naye ni abiria." Sawa.

Mwenzangu wa kuwasiliana naye alikuwa juu ya mlima Ol Donyo Sabuk, kama kilomita 75 hivi. Mawimbi ya bendi hii, ya sentimita 3, hayapendi kukata kona, ndiyo maana tunapanda milima. Tena mwale wa dishi ni mwembamba: ukikosea digrii chache tu, umempoteza mtu. Dakika 40 nasogeza dishi kidogo kidogo huku dira inanidanganya (nilikuwa nimeiweka juu ya betri ya gari, mjinga mimi), na jamaa kwa simu ananiuliza kama nimelala.

Halafu, ndani ya mvumo wa redio, mlio wake, mwembamba kama mbu sikioni. Nikaruka kwa furaha. Upepo ukaangusha dishi.

Tukaanza upya. Pointi ziliingia saa kumi jioni, vidole vimekufa ganzi.